Mashine ya Wembe ya Miaka Sitini: Inunuliwe au Iachwe?

Ndugu wasomaji, katika ukurasa huu mmezoea kutuona tukichambua vitabu na diwani. Safari hii tunaomba ruhusa tuchambue chombo. Nacho kilibuniwa na mtu, kina sarufi yake, kina mashabiki wanaokisifu kupita kiasi na wengine wanaokidharau bila ya kukifungua. Hatuoni basi kwa nini kisipimwe kama kinavyopimwa kitabu. Chombo chenyewe ni mashine ya kunyolea ndevu ya zamani, ile ya madini matupu inayotiwa wembe mmoja wenye makali pande mbili. Suali letu ni dogo na ni la mfukoni: je, mtu wa leo anunue ya zamani, iliyokwisha tumiwa na mwengine, aitumie kila siku ya Mungu?

Tuanze na jina, maana hata hilo lina matatizo. Wazee wetu waliiita "mashine ya kunyolea" na ikatosha. Leo ukimwambia kijana wa Dar es Salaam au Nairobi "mashine ya kunyolea" atakuelekeza saluni, kwenye ile ya umeme inayonguruma juu ya kichwa. Wako wanaosema "wembe wa usalama", tafsiri ya neno kwa neno ambayo inatufanya tufikirie wembe wa askari. Na neno "wembe" lenyewe limebeba mengi. Ni ule wa kinyozi wenye mpini wa kukunja. Ni kile kibati chembamba kinachouzwa kimoja kimoja dukani, ambacho sisi tulichongea penseli skuli na fundi cherehani akafumulia mshono. Mdogo wake, kijembe, siku hizi anakata zaidi kwenye taarabu kuliko kwenye ngozi. Humu tutasema "mashine ya wembe" kwa chombo kizima, na "wembe" kwa kile kibati.

Sasa kwa nini jambo hili limetushughulisha. Kazi yetu ni uhandisi wa mitambo, na sehemu ya kazi hiyo ni kuingia ndani ya matangi na maghala ya vumbi kuyakagua. Kanuni za usalama kazini hapa Uingereza haziachi nafasi ya ubishi: anayevaa barakoa ya kubana uso lazima awe amenyoa pale mpira unapokutana na ngozi, kwa sababu hata vindevu vya siku moja huacha upenyo, na vumbi halihitaji mlango mkubwa. Marafiki wanaotwambia, "Fuga ndevu, sheikh, upumzike na thawabu upate," wanatutakia kheri, lakini hawatulipii nyumba.

Na ngozi yetu haitaki kunyolewa. Tangu tulipokuja kusoma chuo kikuu, na sasa tumo katika hamsini, tumeishi na vipele vya ndevu chini ya taya na shingoni. Tulivizoea kama mtu anavyozoea jirani mgomvi. Miaka michache iliyopita, katika kupimwa barakoa kazini, mpimaji alituinua kidevu, akatazama, akaandika kitu kwenye karatasi yake bila ya kusema neno. Daktari naye akashauri tuache kunyoa mwezi mzima ngozi ipone. Mwezi mzima bila ya kunyoa ni mwezi mzima bila ya kuingia kwenye tangi, na mkuu wetu wa kazi alitueleza kwa adabu zote kwamba mezani hakuna kazi ya mwezi mzima. Kwa hiyo wasomaji watuelewe: hatukuziendea mashine hizi kwa ajili ya kupenda vitu vya kale.

Wengi wetu wenye nywele za kipilipili tunayajua maradhi haya bila ya kujua yanavyotokea. Unywele wa aina hii hautoki ngozini wima. Kishimo chake chenyewe kimepinda, kwa hiyo huchomoza kwa mshazari kisha hujikunja kurudi ulikotoka. Ukiukata unauachia ncha kali kama ya mshale. Ncha hiyo ikikua kidogo tu inajichoma ngozini, mwili unaiona ni mwiba, unapigana nayo, na kipele kinatoka. Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili ni mbaya zaidi, na ndiyo inayotuhusu: unywele uliovutwa kabla ya kukatwa, ukiachiwa, hurudi chini ya uso wa ngozi, na ncha yake hutoboa ukuta wa kishimo humo humo ndani bila hata ya kuliona jua.

Sasa tazameni vile vichwa vya plastiki vya dukani. Gillette ilileta kichwa cha nyembe mbili mwaka 1971, cha tatu mwaka 1998 na cha tano mwaka 2006. Kule kuvuta unywele hakukuja kwa bahati mbaya. Ndiyo sifa yenyewe iliyotangazwa: wembe wa kwanza unauvuta, wa pili unaukata kabla haujawahi kurudi. Kwa mtu mwenye ndevu zilizonyooka hiyo ni raha, shavu linakuwa kama yai. Kwetu sisi ni kujipandia miba kila asubuhi na kulipia pesa nyingi kwa kazi hiyo. Madaktari wa ngozi hushauri kwanza mtu aache kunyoa. Akishindwa, atumie mashine ya umeme inayobakisha unywele kidogo, au wembe mmoja, afuate ndevu zinakoelekea na asivute ngozi. Ya umeme inabakisha, na kubakisha ndiko kunakokatazwa na barakoa. Ukabaki wembe mmoja.

Hapo ndipo tulipoanza kulitazama kwa jicho jengine jumba la Gillette. Mnaoishi magharibi ya London mnalijua, lile la matofali lenye mnara wa saa kwenye Great West Road, Isleworth, mahali ambapo wenyeji hupaita Gillette Corner. Lilimalizika mwaka 1937, mchoraji wake Banister Fletcher, yule yule mwenye kitabu mashuhuri cha historia ya usanifu majengo. Mashine na nyembe zilitengenezwa hapo mpaka kiwanda kilipofungwa mwaka 2006. Miaka na miaka tumepita mbele yake tukiwapeleka wageni Heathrow, mizigo imefungwa kamba juu ya gari, na hata siku moja hatukuuliza ndani mlikuwa na nini.

Aliyeanzisha mambo haya, King Camp Gillette, alikuwa mchuuzi Mmarekani. Aliomba hataza mwaka 1901 akaipata mwaka 1904. Lakini aliyeifanya fikra yake iwe kitu cha kushikika ni mhandisi, William Nickerson, aliyesomea MIT, na sisi wa fani hii tunapenda kumtaja kwa sababu wengine humsahau. Shida ilikuwa hivi. Wembe wenyewe una unene wa milimita 0.1 hivi. Chuma chembamba kiasi hicho hakina ukakamavu wowote, ukikigusa kinacheza. Katika mashine, wembe unabanwa baina ya kofia na kitako ukapindwa kidogo, na kule kupindwa ndiko kunakoufanya usimame imara. Ni siri ile ile ya bati la migongo. Bati bapa la unene huo huo lingelala juu ya mapaa likainama. Likitiwa mawimbi linabeba mvua ya masika. Tulipouona mchoro wake kwa mara ya kwanza tulicheka peke yetu kwa furaha.

Mwaka wa kwanza wa biashara, 1903, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168. Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliagiza kwa ajili ya askari wake mashine milioni 3.5 na nyembe milioni 32. Vita vile vilikuwa vya gesi ya sumu, na barakoa ya gesi haikai vizuri juu ya ndevu. Karne moja baadaye sisi tumesimama mbele ya kioo kwa sababu ile ile.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana katika vyuo vya biashara kwamba Gillette aliigawa mashine kama bure ili apate faida kwenye nyembe. Haiendi na ukweli. Katika miaka hataza ilipokuwa hai mashine iliuzwa dola 5, pesa nzito kwa mfanyakazi wa wakati ule, na bei ilishuka hasa pale hataza ilipomalizika mwaka 1921. Mnunuzi alifungwa kamba kweli baadaye, katika zama za vichwa vya plastiki, ambapo kila kampuni ina kitanzi chake na kichwa cha huyu hakiingii kwenye mpini wa yule. Wembe wa pande mbili ni wa watu wote. Ukinunua Lord wa Misri, Treet wa Pakistan au Feather wa Japani, wote unaingia kwenye mashine yoyote, hata ile iliyotengenezwa kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Katika kazi yetu tumekutana na viwango vichache mno vilivyodumu hivyo. Na msafiri wa kwetu analijua hili kwa njia nyengine: nyembe haziruhusiwi katika mzigo wa mkononi, lakini ukifika Unguja, Mombasa au Maskati, huna haja ya kuzibeba, ziko katika kila duka.

Tuje kwenye uchambuzi wenyewe. Mwingereza mmoja mstaafu, fundi wa karakana tuliyefanya naye kazi zamani, anakusanya mashine hizi. Alitukopesha tatu kwa miezi mitatu kwa masharti mepesi: mwisho wa muda tununue moja au turudishe zote, na asisikie maneno. Bei alizitaja tangu mwanzo. Gillette Slim ya Marekani pauni 45, Rocket ya Uingereza pauni 25, Tech ya Uingereza pauni 10. Tulitumia kila moja mwezi mmoja, kwa wembe wa aina moja, sabuni moja na brashi moja.

Slim ndiyo inayopendwa na kila mtu, na sisi tuliipenda kabla ya kuigusa. Ilitengenezwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya sitini, na hii ya mzee ina alama ya J 3 chini ya kichwa. Mashine za Gillette za Marekani tangu mwaka 1951 zina herufi ya mwaka na tarakimu ya robo mwaka, na J 3 maana yake ni robo ya tatu ya 1964. Unazungusha chini ya mpini na milango miwili ya juu inafunguka kama ya kabati. Shingoni kuna pete yenye tarakimu 1 mpaka 9, ya kuongeza au kupunguza mwanya wa wembe. Uzito wake umetulia mkononi. Pete ikizunguka inalia vijimlio kama vya saa nzuri.

Mtoto akililia wembe, mpe. Tulipewa, tukaiweka kwenye 5 kwa sababu tano ni katikati ya tisa, na siku ya pili tulikwenda kazini na karatasi tatu za chooni zimeganda kidevuni. Tukashuka 3, tukashuka 2. Hapo ikawa nzuri kweli. Ila tuligundua tabia yake mbaya, au tuseme tabia yetu inayoamshwa nayo: kila asubuhi mkono unakwenda kwenye pete. Leo 2, kesho labda 4 kwa kuwa kuna arusi, keshokutwa unajilaumu. Ni kama mtunzi asiyeamua hadithi yake iishe vipi akamwachia msomaji achague. Wako wasomaji wanaopenda hivyo. Mtu anayetaka kuwahi treni ya saa kumi na mbili na robo hapendi.

Jambo la pili ni la kifundi. Ndani ya Slim kuna vipande vingi visivyofunguka kwa mkono. Sabuni ya watu wasiojulikana imekaa humo miaka sitini. Tuliiloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo mara tatu, na mara zote tatu maji yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Ikiharibika hakuna kipuri isipokuwa cha kung'oa kwenye Slim nyengine iliyokufa.

Rocket hatutaikalia sana. Ni Slim bila ya pete, nyepesi zaidi, ya haraka zaidi kutia wembe. Ya kwetu ilikuwa na ila moja iliyotosha kuikataa: mlango mmoja haufungi sawasawa na mwenziwe. Kwa macho huoni. Tulitumia vile vibati vya kupimia mwanya wa plagi ya gari, tukakuta upande mmoja umezidi mwengine kwa kiasi cha unene wa wembe mzima. Ndiyo maana shavu la kulia lilikuwa likilalamika na la kushoto limenyamaza. Pengine mtu aliiangusha mwaka 1960 akaiokota na kuiweka kabatini bila ya kumwambia mkewe. Mashine ya milango ikishaanguka, hujui.

Ikabaki Tech. Umbo hili lilianza mwaka 1938 na halina la kuonyesha: kofia, kitako, mpini, basi. Vipande vitatu vinavyoshikana kwa skrubu moja. Hakuna mlango wa kupinda wala pete ya kuchezea. Kofia ina vijiti vya kuukamata wembe, kitako kinaubana, na ukikaza mpini kila kitu kinajipanga mahali pake. Ukimaliza unaifungua vipande vitatu, unasuuza, unaiona yote ndani na nje.

Wiki ya kwanza hatukuipenda. Ilikuwa laini mno, kama kujipangusa na kijiko. Ilibakisha kivuli pale taya linapokutana na shingo, na tulifikiri tumekwisha pata jawabu. Halafu tukafahamu kwamba kosa lilikuwa la mkono wetu. Miaka thelathini ya vichwa vya plastiki inamfundisha mtu kukandamiza. Mashine ya wembe haikandamizwi. Inalazwa mpaka makali yaiguse ngozi kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, na uzito wake ndio unaofanya kazi. Tulipojifunza kupaka povu mara mbili na kupitisha mara mbili, zote mbili kufuata ndevu zinakoelekea, kivuli kikapungua na barakoa ikakubali. Haikuwa yai. Lakini barakoa haikuomba yai.

Na vipele? Tuseme kweli kama tulivyoona. Mwisho wa mwezi wa Tech vilibaki viwili, mahali ambapo kabla tulikuwa tukihesabu kumi na zaidi. Msomaji makini atauliza: je, si kwa kuwa Tech ilikuwa ya tatu, ikakuta ngozi imekwisha pumzika miezi miwili? Tuliuliza pia. Tukairudia Slim wiki mbili, na ilipokuwa kwenye 2 hali ilibaki vile vile. Tulipopanda 4 vikazuka vipya vinne. Uso mmoja si maabara, na hatudai zaidi ya hapo. Tunachodai ni kwamba tafauti kubwa iko baina ya nyembe nyingi na wembe mmoja, na kwamba baada ya hapo umri wa mashine na bei yake havina kauli kubwa.

Kuhusu wembe wenyewe, watafiti wa MIT walichapisha katika jarida la Science mwaka 2020 jambo lililotushangaza. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kama mara hamsini, lakini unaweza kuyamegua makali. Unywele unapopinda mbele ya wembe, na pale unapogusa pakawa na sehemu ambayo chuma chake hakiko sawasawa, kipande kidogo kinabanduka. Kwa hiyo wembe hauchakai polepole tu kama tulivyofundishwa, unamegeka. Sisi tunautupa baada ya mara nne, ndani ya kopo la bati lililotobolewa juu, na hatuoni uchungu kwa sababu ni wa senti chache.

Hapa tuseme neno kuhusu wauzaji, maana maneno yao ni fasihi inayojitegemea. Mzee wetu ni mwaminifu, lakini kabla yake tulizunguka magulio ya Jumapili na meza za vitu vya kale, na tulisoma vibandiko vingi. "Adimu" ni neno la kwanza. Tech na Rocket zilitengenezwa kwa wingi mno. Kilicho adimu ni ile isiyoanguka. "Rangi ya umri" aghlabu ni uchafu. "Imerudishiwa upya" ni neno la kuogopa kuliko yote, kwa sababu anayechovya nikeli mpya juu ya mashine ya zamani kwanza huisugua, na akiisugua anakula zile pembe ambazo mhandisi aliziweka kwa makusudi. Inameta kama pete ya arusi na hainyoi. Bora ile ambayo nikeli imetoka kidogo ukaona shaba ya manjano chini yake. Shaba hiyo haina dhara, ingawa mwenye ngozi isiyopatana na nikeli ajiepushe na zote. Tunachotazama sisi ni kitako, tukikilaza juu ya kioo kuona kama kinacheza. Skrubu, kama inaingia mpaka mwisho bila ya kuyumba. Na mpini wa bomba, kama haukupasuka kwa urefu. Muuzaji akikukataza kuifungua, mrudishie na umuage.

Nyumbani pingamizi lilikuja kutoka upande tusioutegemea. Mama watoto aliitazama Slim iliyokuwa inameta kando ya beseni, akatuuliza, "Hii imemnyoa nani?" Hatukuwa na jibu. Akaendelea: "Miaka yote ile tumeambiwa kila mtu na wembe wake, leo wewe unaleta wa maiti." Suali lake lina haki. Kizazi chetu kilikua katika miaka ya themanini na tisini, kampeni za Ukimwi zikitukanya kushirikiana nyembe, na onyo lile lilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Tulimweleza kwamba wembe ndio unaokata na huo ni mpya kila mara. Mashine ni kishikio cha madini kilichokaa kikavu kabatini miaka. Hata hivyo tuliisafisha mbele yake: mswaki wa zamani, sabuni, maji moto, kisha spiriti, na kuiacha ikauke. Jiki hapana, inakula madini. Siki nayo tuiache jikoni, inaweza kuitoa nikeli. Na mashine hiyo ina mtu mmoja tu katika nyumba. Alikubali, lakini sabuni yake ya uso aliihamishia rafu ya juu.

Msomaji anaweza kutuuliza: zipo mpya, kwa nini msinunue mpya? Ni suali zuri na mashabiki wa vitu vya kale hulikwepa. Merkur wanatengeneza Solingen, Mühle pia wako Ujerumani, Edwin Jagger wako Sheffield. Tumezishika, ni nzuri, na mtu asiyetaka historia ya uso wa mwengine achukue mojawapo bila ya kuona haya. Ila kichwa cha nyingi kati ya hizo ni aloi ya zinki iliyochovywa kromu. Kromu ikitoboka, zinki inaliwa kutoka ndani, na skrubu ikikatika kazi imekwisha. Shaba ya Tech ikitoboka nikeli, inabadilika rangi tu. Kwa chombo kinacholowa maji kila asubuhi, hiyo ni hoja ya kifundi, na ndiyo hoja pekee ya uzamani tunayoikubali. Zile za kwamba wanaume wa zamani walikuwa wanaume, na kwamba kunyoa ni ibada, tunawaachia wenyewe.

Basi hukumu yetu. Mwenye ndevu zilizonyooka na ngozi tulivu hana sababu ya kuhangaika. Akae na alichonacho. Mwenye vipele, ahame kwenye nyembe nyingi leo, kwa mashine yoyote ya wembe mmoja. Akitaka ya zamani kwa matumizi ya kila siku, achague ya vipande vitatu iliyo nyoofu, asilipe zaidi ya anavyolipa kwa chakula cha mchana cha watu wawili, na Slim aiazime kwa rafiki siku za Idi. Kinyozi hajinyoi, wamesema wahenga, lakini London saa kumi na moja alfajiri hakuna kinyozi aliyefungua.

Tulizirudisha Slim na Rocket Jumamosi iliyopita. Mzee alizipokea, akaziweka kwenye kisanduku chake chenye kitambaa cha buluu, akauliza tumechagua ipi. Tulipomwambia alishangaa kidogo. Ile Tech, alisema, aliitia kwenye mfuko ili kujaza idadi tu. Akatupunguzia pauni mbili kwa sababu kitako kina mkwaruzo. Tukalipa nane. Ile pakiti ya nyembe tuliyoinunua Darajani safari ya mwisho zimebaki tatu ndani yake, na Jumatatu kuna tangi la kukagua.